Kompyuta ya gemu ya bei nafuu ukiwa Kigoma: anza na kasha, kadi ije baadaye

Anayeishi karibu na Kariakoo akikosea kununua kifaa, jioni anarudi kubadilisha. Ukiwa Mwanga au Ujiji, kadi ya picha isiyoingia kwenye kasha lako inapanda basi kurudi Dar, na muuzaji akiipokea atakuambia umeshaichubua. Ndiyo maana hapa hatupangi machaguo kwa kasi peke yake. Tunaangalia kwanza kama vifaa vinaoana, halafu umeme, halafu ndiyo kasi.

Kuoana ni nini? Prosesa (ubongo wa kompyuta) inaandaa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu, kadi ya picha (GPU) inaichora. Prosesa ikiwa dhaifu, GPU inakaa ikisubiri, na gemu inagandaganda hata ukishusha ubora wa picha. Ni wavu mkubwa na kichanja kidogo: dagaa watakuozea ufukweni. Kipimo ni rahisi. Fungua Task Manager ya Windows gemu ikiwa inaendelea. GPU ikisoma asilimia 95 na zaidi huku prosesa ina nafasi, mashine iko sawa. GPU ikiwa 60 na prosesa imegonga 100, kuongeza pesa kwenye kadi ni kuzitupa.

Bei hubadilika kila kontena linaposhuka, kwa hiyo gawa pesa yako mafungu kumi: manne ya GPU, mawili na nusu ya prosesa na madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa), mawili ya ramu (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kuhifadhia), moja na nusu ya pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani) na kasha. Monita na UPS (betri ya akiba) ziwe na fungu lao pembeni. Wengi wanaharibu kwenye lile fungu moja na nusu.

NAFASI YA KWANZA: mnara (kasha la kusimama) wa ofisi wa mtumba, na kadi ya wati 75

Mashine za ofisi za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ndizo zinazofika kwa wingi, na kwa mwenye pesa kidogo hakuna kinachozishinda. Madabodi ni imara, feni zake hazipigi kelele, na fundi yeyote wa Kigoma ameshazifungua.

Lakini uliza umbo kabla ya kuuliza prosesa. Mnara una upana wa kama sentimita 15. Ile nyembamba, inayoandikwa SFF, ina 9 hadi 10 na inapokea kadi fupi tu, zenye bati fupi la kufungia. Ile ndogo kama kitabu haina nafasi ya kadi kabisa. Muuzaji akikutumia picha ya mbele pekee, mwombe ya nyuma: matundu ya kadi ya mnara yana urefu wa kama sentimita 12, ya SFF kama 8. Usitume pesa hujaiona hiyo picha.

Kisha soma namba ya prosesa. Tarakimu za kwanza baada ya kistari ndizo kizazi: i5-4590 ni cha nne, i5-6500 cha sita, i5-8500 cha nane. Cha nne kinatumia ramu ya DDR3, ambayo huwezi kuihamishia kwenye mashine mpya. Cha sita kwenye minara hii mara nyingi ni DDR4, na kina kiini nne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Tofauti kubwa inaanzia cha nane: i5-8500 ina kiini sita, na ndicho kizazi cha kwanza cha Intel Core ambacho Microsoft inakikubali rasmi kwa Windows 11. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka kucheza Valorant ajue pia kuwa kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0 na Secure Boot (kinga mbili za usalama za mashine) ziwe zimewashwa. Kwa hiyo ukiweza kuongeza kidogo, tafuta OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, ila ziwe minara.

Sasa kadi. Tundu la PCIe la madabodi, pale kadi inapochomekwa, linatoa wati 75, na minara hii mingi haina waya wa ziada wa kulisha GPU. Pawa saplai zake ni za wati 240 hadi 290 hivi. Kwa hiyo kadi yako lazima iishi kwa wati 75 hizo. Mpangilio wetu ni huu: GTX 1650 yenye GB 4, kisha GTX 1050 Ti yenye GB 4, na mwisho kabisa GTX 750 Ti yenye GB 2 kwa anayecheza GTA V na gemu za mpira za zamani. Angalia picha ya ukingo wa kadi. Kuna GTX 1650 zilizotengenezwa na soketi ya umeme ya pini sita, na hizo kwenye mashine ya ofisi hazitawaka. RX 6400 inavutia kwa sababu inakula wati 53 tu, lakini imeunganishwa kwa njia nne za PCIe. Kwenye mashine hizi za PCIe 3.0 (toleo la zamani) inapoteza nguvu, na haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo anayetaka kurusha gemu mtandaoni aiache.

Ili uone ngazi ilivyo: EA Sports FC 24 ilitaja kiwango cha chini kuwa i5-6600K, ramu GB 8, GTX 1050 Ti na GB 100 za diski. Mnara wa i5-6500 uko chini kidogo ya hapo. Wa i5-8500 unavuka vizuri.

Na GT 730 yenye GB 4? Hapana. GB nyingi hazifanyi kadi dhaifu iwe na nguvu. Ni sawa na kufunga tenki la lori kwenye pikipiki.

Kuna ujanja mmoja wa kitapeli unaozunguka: mtu anaandika jina la GTX 1050 Ti kwenye chipu ya zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti. Windows inadanganyika. Programu ya GPU-Z haidanganyiki kirahisi, huandika FAKE mbele ya jina. Dalili nyingine iko nje ya kadi: GTX 1050 Ti halisi haina tundu la VGA, lile la buluu lenye pini 15. Ukiliona kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, funga mazungumzo. Hapohapo kumbuka monita yako. Kama ni ile ya mraba yenye VGA pekee, utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani yake. Waya mtupu wa HDMI kwenda VGA hautaleta picha.

NAFASI YA PILI: Ryzen 5 5600G bila kadi, kwa sasa

Hii ni ya anayejenga polepole. Prosesa hii ina kiini sita, nyuzi kumi na mbili (kazi inazoshika kwa mpigo), na GPU ndani yake inayocheza gemu nyingi za mtandaoni kwa ubora wa chini. Leo unanunua prosesa, madabodi ya B450 au B550, ramu, SSD na pawa saplai nzuri. Mwakani unaongeza kadi, na hakuna kilichopotea.

Inaharibikia kwenye ramu. GPU ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima ramu ya mashine, kwa hiyo fimbo mbili za GB 8 ni lazima. Ukiweka fimbo moja ya GB 16, njia ya data inakuwa nusu na fremu zinaanguka vibaya. Wauzaji wanapenda fimbo moja kwa kisingizio kwamba utaongeza baadaye. Kataa. Chagua DDR4 ya 3200, na uiwashe kwenye BIOS (programu ya kuanzia ya madabodi) kupitia mpangilio wa XMP au DOCP, maana bila hivyo inaweza kukimbia kwa 2133 au 2400.

Jambo la pili ni BIOS ya madabodi ya B450. Iliyotoka kiwandani kabla ya prosesa hii haiitambui: feni zinazunguka, skrini inabaki nyeusi, na hapa Kigoma utatafuta prosesa ya zamani ya kuazima ili uisasishe. Mwambie muuzaji aiwashe ikiwa na prosesa yako na akutumie video ya ukurasa wa BIOS kabla hajafunga boksi.

NAFASI YA TATU: i3-12100F na RX 6600

Kwa kasi peke yake hii ndiyo ya kwanza. Kiini nne, nyuzi nane, na kadi ya GB 8 inayokula wati 132; gemu za leo kwa 1080p (Full HD) inazicheza bila jasho. Tumeishusha kwa sababu inataka pesa yote kwa mkupuo. Ile herufi F ina maana prosesa haina GPU ya ndani: bila kadi hakuna picha, na kadi ikifa unabaki na sanduku. Ukiweza kupata i3-12100 bila F kwa tofauti ndogo, chukua hiyo.

ZILIZOBAKI

Seti za Xeon (prosesa za seva) na madabodi za X99 zisizo na jina zinavutia kwa idadi ya kiini. Gemu nyingi zinataka kiini chache zenye kasi, na madabodi hizo zikizingua hupati BIOS wala spea. Mara nyingi zinauzwa pamoja na RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo kwa kiini zake za kuchora ni sawa na RX 570. Kadi si mbaya, ila ilipe kwa bei ya RX 570. Kisha hesabu LUKU: mashine inayovuta wati 150 inakula uniti moja kwa saa sita na ushee, inayovuta 350, chini ya saa tatu.

Mwisho wa foleni ni makasha yenye taa za rangi, yaliyoandikwa "i7 gaming". Ndani mara nyingi utakuta i7-2600, prosesa ya mwaka 2011. Umelipia kioo na taa.

PAWA SAPLAI: soma jedwali, si herufi kubwa

Ubavuni pameandikwa 500W. Shuka chini kwenye jedwali, tafuta +12V, zidisha kwa ampea zake. Ikiwa ni 14A, basi 12 mara 14 ni wati 168, na hizo ndizo prosesa na GPU zinazotegemea. Ya kweli ya wati 450 itaonyesha kama 35A na zaidi. Ukiona swichi ndogo nyekundu ya 115/230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka. Ikiwa 115 kwenye umeme wetu, italipuka sekunde hiyohiyo.

Wenye mashine za ofisi wakitaka kadi kubwa huambiwa wabadilishe pawa saplai tu. Si tu. Dell, HP na Lenovo wanatumia plagi zao badala ya ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo unahitaji waya wa kugeuza unaolingana na modeli yako. Na ule waya wa bei chee wa kutoka SATA (plagi ya umeme wa diski) kwenda pini sita ya kadi uogope: plagi ya SATA imepimwa kwa wati 54 za 12V, pini sita inaweza kudai 75. Plastiki inayeyuka taratibu, harufu ndiyo taarifa ya kwanza.

UPS ya 650VA si wati 650. Nyingi zinatoa kati ya 360 na 390. Kazi yake ni dakika chache za kuhifadhi na kuzima, na kuilinda SSD umeme unapokatika na kurudi mara tatu mfululizo.

KUSAFIRISHA NA KUPOKEA

Ukinunua mashine iliyokwisha kuunganishwa, agiza GPU ichomolewe na isafiri kwenye boksi lake. Kadi nzito ikining'inia ndani ya buti la basi kutoka Dar inang'oa tundu la PCIe, na hilo fundi wa mtaani haliwezi. Kompyuta ikifika, ifungue kabla ya kuichomeka. Sukuma ramu mpaka usikie kishikio kikibana, shika kipoza joto cha prosesa uone kama kinacheza, tikisa kasha kidogo usikilize skrubu iliyodondoka. Mtumba wa ofisi ubadilishie pesti ya joto bila kuuliza. Iliyomo imekauka kama chokaa, na prosesa itajipunguza kasi yenyewe ikikaribia nyuzijoto 100.

Usiiweke sakafuni. Kiangazi vumbi jekundu linaingia kwa feni ya mbele, na wenzetu wa Tabora wanalijua hilo zaidi. Kila miezi miwili au mitatu isafishe kwa brashi kavu, huku umeshika feni zisizunguke. Na nyuma, kule palipotolewa vibati vya matundu ya kadi, rudisha vibati au ziba kwa karatasi ngumu: mjusi anapenda joto la pawa saplai, na akigusa mahali pasipotakiwa mnaungua wote wawili, yeye na madabodi.