FL Studio yenyewe au FL Studio ndani ya Reaper? Uzoefu wangu wa studio ya chumbani

Studio yangu ni chumba kimoja Tandale: lapitopu yenye RAM ya GB 8, maiki moja, kadi ya sauti ya chaneli mbili, na godoro limeegemezwa ukutani kupunguza mwangwi. FL Studio (programu ya kutengenezea biti) ninayotumia ni Fruity Edition, toleo la bei ya chini kuliko yote. Kwa kupika biti sina neno nayo. Ila toleo hili halirekodi sauti, na msanii akishafika mlangoni huwezi kumrudisha. Ndiyo maana nikanunua Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, leseni ndogo ya dola 60 (unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kwanza), nikawa naifungua FL humo humo kama plagini, yaani programu inayofanya kazi ndani ya programu nyingine.

Maprodyuza kibao ninaowajua hawakuwa na habari kwamba hilo linawezekana. Unaiweka FL kwenye treki ya Reaper kama unavyoweka kinanda chochote, inafunguka nzima na miksa yake na pateni zake, unaita faili la biti la jana. Ukibonyeza pleyi, zote mbili zinatembea pamoja.

Siku ya kwanza niliumbuka. Biti ya singeli, spidi 207 (midundo kwa dakika). Msanii kashavaa hedifoni, nikabonyeza, ikatoka inajikokota kama bibi harusi anaingia ukumbini. Jamaa akanitazama: "Kaka, hii ya kuimbia au ya kulalia?" Kumbe FL ikiwa plagini inafuata spidi ya mwenyeji wake, na mradi mpya wa Reaper huanza na 120. Siku hizi spidi naiandika kwenye jina la faili.

Kisa cha pili kiliniuma zaidi. Sina kinanda cha MIDI (kile cha kuchomeka kwenye lapitopu), noti napigia herufi za lapitopu. Kwenye FL, S ni noti. Kwenye Reaper, S ni mkasi, unakata rekodi pale ilipofika. Nikaacha wimbo utembee huku natafuta melodi ya kiitikio, vidole vinacheza, mimi najisikia fundi. Kuja kuangalia, vokali imechanjwachanjwa kama changu anayesubiri kukaangwa. Nilirudisha nyuma hatua moja moja mpaka ikaungana. Dawa yake ipo: kwenye menyu ya dirisha la plagini ndani ya Reaper kuna chaguo la kupeleka herufi zote kwa plagini. Liwashe kabla hujagusa kitu.

Sasa utamu wake. FL ina plagini ya pili, ile ya Multi, yenye njia 16 za stereo za kutolea sauti. Kiki (ya ngoma, si ya mitandaoni) naipeleka treki yake, besi yake, kinanda chake, halafu namiksi kila kitu Reaper pembeni ya vokali. Zamani nilikuwa naitoa biti kama faili moja la WAV, msanii akisema "punguza besi" narudi FL, natoa upya, naingiza upya. Sasa nashusha besi hapo hapo huku anasikiliza.

Mashine ndiyo inayolia. Nikirekodi nashusha bafa (kipande cha sauti ambacho mashine inakiandaa kabla ya kukitoa) hadi 128 ili msanii asijisikie kwa kuchelewa, na biti nzito ikiwa hai ndani ya plagini sauti inaanza kukwaruza. Kwa hiyo kabla ya kurekodi treki ya FL naigandisha, yaani Reaper inaigeuza kuwa sauti ya kawaida kwa muda, mashine inapumua. FL ikiwa peke yake naiacha bafa 512 na sina presha.

Kutunga kutoka mwanzo ndani ya plagini nilijaribu wiki mbili nikaacha. Madirisha yanapandana, na kila nikitaka kurudisha kosa sijui ni programu ipi itakayonisikia. Biti napikia FL yenyewe. Reaper naifungua msanii akishapiga hodi.