Audio Library ya YouTube kwa muziki wa presha: bure na inatosha, ila ina mipaka yake

Wadau wa video wa Mtwara na Lindi, kama unaediti filamu fupi au makala na unatafuta vile vimuziki vya sekunde ishirini thelathini vya kumweka mtazamaji roho juu, kabla hujatoa hela yako popote pitia kwanza Audio Library ya YouTube, iko ndani ya YouTube Studio, pale unaposimamia chaneli yako, hulipi chochote, ukiwa na chaneli tu umeshaingia.

Kutafuta ni rahisi. Kwenye vichujio chagua Cinematic, af hisia weka Dramatic au Dark, alafu punguza urefu, hapo kwenye urefu ndo wengi hawagusi na ndo penyewe. Muziki wa dakika tatu unapanda polepole, we tukio lako ni sekunde ishirini na tano, unaukata katikati na mkato unasikika kabisa, mwangwi umekatwa kama mtu kazimiwa umeme. Kifupi kimetungwa kikiwa na mwanzo, kupanda na mwisho wake. Na kiukweli utamu wa muziki wa presha uko kwenye kukatika, zile nyuzi zinatetemeka, besi inanguruma chini, ngoma zinasogeleana, pap kimya. Kimya hicho ndo kinamtisha mtu, sio kelele.

Sisi tulikuwa na tukio la mtumbwi unavuka Ruvuma usiku. Tukaweka kwanza yale mangoma makubwa ya kitrela cha Marekani, aisee mtu mmoja kwenye mtumbwi akawa kama anaenda kupindua nchi. Tukatoa, tukaweka mngurumo mmoja tu wa chini usio na melodi, tukaukata pale kasia linapogonga kitu, basi hapo ukumbi wote kimya. Yale makubwa yakaja kufaa kwenye makala ya mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, pale unapotoka kwenye pori la Lindi, walikochimba Wajerumani 1909 mpaka 1913, unaruka moja kwa moja kwenye ile mifupa imesimamishwa Berlin zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hapo hata ukipiga tarumbeta zote hukosei.

Leseni someni jamani. Kuna nyimbo hazidai chochote na kuna zile za leseni ya Creative Commons ambazo lazima umtaje mtunzi kwenye maelezo ya video, mfano nyimbo za Kevin MacLeod ziko hivyo, unakopi yale maandishi unabandika, sekunde mbili. Usiende kuchukua muziki kwenye video ya mtu alieandika "no copyright" halafu hakimiliki ikikubana unalia.

Upande wa bando naipenda, faili ni MP3. MP3 ya ubora wa juu, 320 kbps, haifiki MB 3 kwa dakika, wakati WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya biti 24 na 48 kHz ni kama MB 17 kwa dakika hiyohiyo. Kuna pakiti ya kulipia niliwahi kununua, jina siweki, mazipu ya magigabaiti na ndani sauti zilezile zimebadilishwa majina. Ila ukitaka kuonyesha ukumbini kwa spika za maana, WAV bado ina nafasi yake na hapa hupati.

Kinachoniudhi ni kwamba nyingi zinafanana, na kila mtu anazitumia, utasikia presha yako kwenye video ya mtu anauza viatu. Na ladha ya huku hamna. Dawa yake chukua mngurumo wa pale, juu yake rekodi ngoma moja ya Kimakonde ikipigwa taratibu, moja tu, ukiweka sindimba nzima watu watacheza badala ya kuogopa. Na mpigaji umlipe.

Nyota nne kati ya tano.

Wale mnaoediti kwa CapCut kwenye simu, msihangaike na aplikesheni ya Studio, fungua studio.youtube.com kwenye brauza, washa desktop site, ingia kwa akaunti ya chaneli, ukidaunlodi faili linaenda Downloads na CapCut inaliona. Inasumbua kidogo kwenye kioo kidogo lakini inafanya kazi.