Mwaka mmoja na Wild T2, tiodolaiti ya mtumba

Tiodolaiti ni kifaa cha mpimaji ardhi cha kupimia pembe, chenye darubini na duara lenye mistari ya kusomea pembe. Kabla hujalipa, muulize muuzaji: duara hilo limegawanywa nyuzi 360 au goni 400? Mimi sikuuliza. T2 ya kwanza niliyoagiza kutoka Ulaya ilikuja na goni, ambapo pembe mraba ni 100 badala ya 90. Muuzaji alikataa kuirudisha, nikaiuza kwa hasara. Hii ya pili ndiyo ninayoisimulia.

Ilifika kwenye kasha lake la chuma lenye umbo la kengele. Skrubu zilizunguka kwa uzito kwa sababu grisi ya zamani ilikuwa imeganda, na lenzi ilikuwa na fangasi. Fundi alinitoza karibu nusu ya bei ya kifaa kuisafisha. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ukitazama kwenye darubini, dunia iko juu chini: mwenzako aliyeshika fito anaonekana amening'inia kichwa chini. Wiki mbili tu, jicho likazoea.

Kilichonifanya niipende ni namna inavyosomwa. Pembeni ya darubini kuna kijidarubini kidogo. Ndani yake unaona mistari ya duara la kioo kutoka pande mbili zinazotazamana, safu moja juu, nyingine chini. Unazungusha kitufe cha maikromita (kipimia sehemu ndogo mno) taratibu mpaka mistari ya juu ikae sawasawa na ya chini, kisha unasoma mpaka sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja. Kwa umbali wa kilomita moja, sekunde moja ni kama milimita 5! Na kwa kuwa umesoma pande zote mbili kwa pamoja, kosa la duara kutokaa katikati kabisa linajifuta lenyewe. Zamani mpimaji alilazimika kuzunguka kifaa ili asome upande wa pili, na kila hatua yake ilikitikisa.

Aliyeibuni ni Mswisi Heinrich Wild. Inasimuliwa kwamba akiwa kijana, juu ya milima ya Dents du Midi huko Uswisi, tiodolaiti yake nzito ilichukua muda mrefu mno kuandaliwa, na ilipokuwa tayari dhoruba ikawa imeshaingia. Mwaka 1921 yeye na wenzake walianzisha karakana katika mji wa Heerbrugg, Uswisi, na T2 ikatoka huko miaka ya 1920. Kila ninapoisimamisha na pimamaji likatulia mapema, namkumbuka kijana yule mlimani.

Kwa kazi ya mteja siitumii. Haipimi umbali kwa mwale, haitunzi kumbukumbu, kila kitu unaandika kwa penseli. Lakini vijana wanaojifunza upimaji kwangu huanzia hapa, kwa sababu mashine ya kielektroniki huwapa namba tu, hawaoni pembe ilikotoka.

Mwezi uliopita tulipima pembetatu yenye pande za mita mia tatu hivi, tukalenga kwa uso wa kushoto na wa kulia (yaani mara mbili, ya pili darubini ikiwa imepinduliwa), timazi likiwa juu ya kila kigingi. Pembe tatu zilijumlisha nyuzi 180 na sekunde 4, yaani kosa la sekunde 4 tu. Msichana aliyekuwa anaandika alirudia kujumlisha mara tatu, haamini.

Ndani ya kasha nimeweka vifuko vya kunyonya unyevu, na kila Jumamosi naitoa ipate hewa. Fangasi hawajarudi.