Huduma ya kusomewa ripoti ya sumu, Chumbageni, Tanga

Mwezi uliopita niliitumia huduma ya daktari mstaafu wa patholojia ambaye hupokea watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake na kuwasomea ripoti za maabara zitokanazo na uchunguzi wa maiti. Mimi ni wakili, na nilikwenda pamoja na mjane aliyenyimwa na kampuni ya bima malipo ya mumewe, kwa sababu damu ya marehemu ilikutwa na amitriptilini miligramu 1.2 kwa lita. Kampuni iliona kwamba dawa ya sonona kwa kiasi hicho haiwezi kuwa na maana nyingine ila kujiua.

Kabla ya kuitazama namba, daktari aliuliza damu ilitolewa sehemu gani ya mwili. Nilikuwa nimeisoma ripoti ile mara tatu na sikuwa na jibu. Yeye alilikuta ukurasa wa pili, katika mstari mmoja tu: moyoni, saa 40 baada ya kifo. Alitueleza kwa utulivu kwamba dawa hii hujilimbikiza katika ini, mapafu na misuli ya moyo mtu angali hai, na akishafariki huvuja na kurudi katika damu iliyo karibu, hata damu ya moyoni ikaonyesha kiwango kilicho mara kadhaa ya kile cha mshipa wa paja. Kwa hiyo viwango vya tiba vya walio hai, ambavyo kwa amitriptilini pamoja na notriptilini inayotokana nayo mwilini ni takriban miligramu 0.08 hadi 0.2 kwa lita, haviwezi kulinganishwa moja kwa moja na damu ya namna hiyo.

Kisha akaitafuta notriptilini yenyewe: 0.9. Aliyemeza vidonge vingi kwa mkupuo na kufa upesi, alisema, aghalabu hukutwa na amitriptilini nyingi na notriptilini kidogo. Namba zinazokaribiana huashiria zaidi mtumiaji wa muda mrefu. Hapo ndipo mjane, aliyekuwa kimya muda wote, aliposema kwamba mumewe alimeza dawa hiyo kila usiku kwa maumivu ya miguu yaliyoletwa na kisukari. Sonona hakuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Daktari alikataa katakata kuandika kwamba marehemu hakujiua. Aliandika tu kwamba kipimo hiki peke yake hakithibitishi kuzidisha dozi, na akashauri ini na vilivyomo tumboni vipimwe iwapo sampuli bado zimehifadhiwa. Nakiri nilitamani maneno makali zaidi. Hata hivyo, hayo ya tahadhari ndiyo ninayoweza kuyasimamia mbele ya wakili wa upande wa pili.

Kasoro zipo. Maoni ya maandishi yaliyoahidiwa kwa wiki moja yalichukua siku 19, na ndani yake miligramu kwa lita zilichanganywa na nanogramu kwa mililita, hata 1.2 ikawa 1,200 katika aya iliyofuata pasipo maelezo. Nilimrudishia aya hiyo, akairekebisha siku hiyohiyo bila kudai nyongeza.