Robin Hood ya mwaka 2010: mpiga upinde kabla hajawa shujaa

Nimeitazama mara mbili, hapa nyumbani Mikindani, filamu ya Robin Hood iliyoongozwa na Ridley Scott, na jamaa niliowaazima flashi wote wameirudisha wakilalamika kwamba hawakumwona Robin anayewanyang'anya matajiri ili awagawie maskini. Wanasema kweli, kwani filamu inaishia pale ambapo hadithi tuliyoizoea huanzia: Mfalme John anauchoma mkataba wa haki aliouahidi, kisha anamtangaza Robin kuwa mhalifu wa kuwindwa. Mimi nimeipenda kwa sababu hiyohiyo.

Robin huyu, anayeigizwa na Russell Crowe, ni askari wa kawaida wa Mfalme Richard, na mfalme huyo anauawa kwa mshale mwaka 1199 kwenye ngome ya Chalus, Ufaransa (kihistoria alikufa siku kadhaa baadaye, jeraha lilipoanza kuoza). Fumo Liyongo tuliyemsoma shuleni hakudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Robin hana kinga ya namna hiyo, na anafika Nottingham akiwa amevaa jina la marehemu mwingine, bwana Robert Loxley.

Huko anamkuta Marion, yaani Cate Blanchett, akiwa na mashamba yaliyolimwa lakini hana mbegu, wakati nafaka ya kijiji inasafirishwa kwenda York kwa ajili ya kanisa. Robin na wenzake wanauvizia msafara huo wa nafaka usiku, kisha wanaipanda nafaka usiku uleule. Nimekulia katika familia ya wakulima huko Newala, na najua uchungu wa kuona mvua zimeanza huku ghala likiwa tupu. Sijawahi kuona shujaa akizaliwa kwa tendo linaloeleweka zaidi ya hilo.

Vita vya ufukweni mwishoni vimenivunja moyo. Wafaransa wanafika kwa mashua za mbao zenye mlango wa mbele unaoangukia majini, jambo ambalo mtu wa pwani hawezi kulikubali, na Marion anatokea ghafla katika mavazi ya kivita bila kuandaliwa.

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa imeingizwa sauti ya mtafsiri, ambayo ilimfunika kabisa Max von Sydow, mzee kipofu anayemwomba Robin ajifanye mwanawe aliyekufa. Itafuteni yenye sauti asilia, na mtenge zaidi ya saa mbili.