Dirisha, Barua na Tovuti: Tathmini ya Huduma ya Kuomba Hati za Mahakama na Vyeti katika Kaunti za Marekani

Mwaka jana shemeji yangu alihitaji karatasi moja tu, yaani nakala iliyothibitishwa ya hukumu iliyovunja ndoa yake ya kwanza. Kaka yangu alikuwa akimwombea ukaazi wa kudumu, na mamlaka ya uhamiaji ya Marekani hudai ushahidi kwamba kila ndoa iliyotangulia ya mume au mke ilimalizika kisheria. Hukumu yenyewe ilitolewa katika kaunti moja ya Illinois, ilhali wao sasa wanaishi Minnesota. Kabla karatasi hiyo haijatufikia tulikuwa tumepita kwenye tovuti ya kibiashara, kwenye ofisi ya jimbo na mwishoni mbele ya dirisha la karani wa mahakama. Tangu wakati huo nimewasindikiza jamaa na majirani kadhaa katika njia hiyo hiyo, na ninaona ni haki kueleza ni huduma ipi inafaa, ipi inachelewesha na ipi inakula fedha za watu bure.

Jambo la kuelewa kabla ya kulipa hata senti ni kwamba Serikali Kuu ya Marekani haina masjala moja ya vizazi, vifo, ndoa na talaka. Kituo cha Kitaifa cha Takwimu za Afya, kilicho chini ya CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, huchapisha mwongozo wa kila jimbo unaoonyesha mahali pa kuandika, lakini chenyewe hakitoi cheti. Hati hubaki pale tukio lilipotokea, hata kama wahusika wamehama mara kumi. Shemeji alikuwa ameuliza katika kaunti anakoishi Minnesota, akaambiwa kwa upole kwamba hakuna kitu chenye jina lake, akaondoka akidhani jalada limepotea. Halikuwa limepotea, lilikuwa Illinois, katika jengo lile lile alikosimama mbele ya hakimu.

Hata baada ya kujua jimbo, ofisi zinatofautiana mno. Minnesota ina utaratibu ninaoupenda sana, kwani ofisi ya vyeti ya kaunti yoyote inaweza kumpa mtu cheti cha kuzaliwa hata kama alizaliwa katika kaunti nyingine ya jimbo hilo. Texas huweka leseni za ndoa kwa karani wa kaunti, na talaka kwa karani wa mahakama ya wilaya. Katika Jiji la New York cheti cha kuzaliwa hutolewa na idara ya afya ya jiji, cha ndoa na karani wa jiji, na hati ya talaka na karani wa kaunti ambako shauri lilisikilizwa. Connecticut ilifuta serikali za kaunti mwaka 1960, kwa hiyo huko mtu huenda kwa karani wa mji. Louisiana haina kaunti bali maeneo ya utawala yaitwayo parokia. Anayeandika barua kwa “kaunti” bila kuchunguza hayo atarudishiwa barua yake, au atakaa akisubiri jibu ambalo haliji.

Talaka ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na sisi ilituchanganya pia. Majimbo mengi, Illinois na Texas yakiwemo, hutoa kwa ngazi ya jimbo barua ya uthibitisho tu, inayosema kwamba fulani na fulani waliachana tarehe fulani katika kaunti fulani. Tuliiomba, tukaipata, tukafurahi kwa siku mbili, mpaka mwanasheria alipotueleza kwamba barua ile si hukumu. Hukumu kamili, yenye sahihi ya hakimu, masharti ya malezi ya watoto na mgawanyo wa mali, hukaa kwa karani wa mahakama iliyoitoa. Hata hivyo siisemi vibaya barua ile, kwa sababu ilitupa vitu viwili tulivyovihitaji sana baadaye, yaani jina la kaunti na tarehe.

Kuhusu tovuti za kibiashara sina budi kusema kwa uzito. Tulipotafuta mtandaoni, matokeo ya kwanza yalikuwa tangazo la tovuti yenye rangi za bendera, picha ya jengo lenye nguzo na maneno yaliyofanana na ya serikali. Shemeji alilipa dola 49. Alichopokea kwa barua pepe kilikuwa fomu ambayo karani huitoa bure, pamoja na maelekezo ya kuituma yeye mwenyewe na kulipa ada ya kaunti upya. Fedha hizo hazikurudi. Zipo kampuni halali, kama VitalChek, ambazo ofisi nyingi za serikali huzitumia kupokea maombi ya mtandaoni, nazo hutoza ada yao juu ya ada ya cheti. Anayehitaji cheti haraka anaweza kuona gharama hiyo inafaa. Njia salama ni kuanzia kwenye tovuti ya kaunti au jimbo lenyewe na kufuata kiungo kilichowekwa hapo, badala ya kubonyeza tangazo.

Kwa vyeti vya kuzaliwa, ubora wa huduma hutegemea sana kama mwombaji amejua kuitaja nakala anayoitaka. California hutoa aina mbili, moja kwa wanaoruhusiwa na sheria, na nyingine ya taarifa tu, iliyopigwa chapa kwamba haifai kuthibitisha utambulisho. Anayeomba ile ya kwanza kwa posta lazima aambatanishe kiapo kilichothibitishwa na noteri, yaani ofisa anayeshuhudia viapo na sahihi. Jirani yangu aliletewa ile ya taarifa, akaipeleka kuombea pasipoti ya mtoto, ikakataliwa. Tangu Aprili 2011 cheti cha kuzaliwa kinachotumika kuthibitisha uraia katika ombi la pasipoti kinatakiwa kiwe na majina kamili ya wazazi, kwa hiyo cheti kifupi kinachotaja jina la mtoto na tarehe tu hakitoshi. Ni busara kuandika kwenye fomu kwamba cheti ni cha pasipoti na kwamba kinatakiwa kirefu. Anayetafuta nasaba naye akumbuke kwamba hati za karibuni hufungwa kwa umma. Illinois, kwa mfano, hufungua hati za kuzaliwa kwa watafiti wa nasaba baada ya miaka 75, za ndoa baada ya 50 na za vifo baada ya 20. Na katika Kaunti ya Cook kumbukumbu za kabla ya moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 ziliteketea, na hakuna ada inayoweza kuzirudisha.

Nije sasa mahakamani, ambako kazi ngumu ni kulipata jalada lenyewe. Maryland na Wisconsin zina mifumo ya bure ya kutafuta mashauri ya jimbo zima kwa jina. Watu wengi huambiwa wajiandikishe PACER, mfumo wa kusoma majalada mtandaoni, lakini mfumo huo ni wa mahakama za shirikisho, yaani za Serikali Kuu. Mtu anaweza kulipa senti 10 kwa kila ukurasa bila kuiona talaka hata moja ya kaunti. Tena, kinachoonekana kwenye skrini mara nyingi ni orodha ya hatua za shauri, na karatasi uliyoichapa nyumbani haina muhuri. Sheria ya Illinois inamruhusu karani kutoza ada ya upekuzi isiyozidi dola 6 kwa kila mwaka unaopekuliwa, na mtu asiyekumbuka mwaka, akasema tu “kati ya 2008 na 2017”, anaweza kudaiwa dola 60 kabla ya nakala kutolewa. Ndiyo maana tarehe iliyokuwa kwenye barua ya jimbo ilikuwa na thamani kubwa kuliko tulivyodhani.

Tatizo zito zaidi ni majina yetu, nalo sijaona fomu yoyote ya kaunti inayolieleza. Shemeji anatumia majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Kwenye pasipoti jina la babu ndilo la ukoo. Tulilitafuta kwenye mfumo wa kaunti, likaleta sifuri. Tukaongeza tarehe ya kuzaliwa, likaleta sifuri. Alipokuja kututembelea, nilimchukua kwa gari hadi kwenye jengo la mahakama, mwendo wa saa mbili. Chumba cha karani kilikuwa ghorofa ya kwanza, kikiwa na madirisha manne ya kioo na kompyuta mbili za umma ukutani. Mama wa makamo aliyekuwa dirisha la pili alitusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, kisha akauliza jina la mume wa zamani. Aliliandika, akasogeza skrini, akatugeuzia tuone. Mstari ulikuwa pale. Jina la baba ndilo lililowekwa kuwa la ukoo, tena kwa herufi moja iliyorudiwa.

“Shemeji, hili si jina langu la mwisho,” alininong’oneza, “hili ni la marehemu baba.” Lakini tarehe ilikuwa ile ile, na aliposoma jina la mwanawe katika ukurasa wa tatu wa hukumu hakukuwa na shaka tena. Karani alitueleza kwamba yeye hana mamlaka ya kusahihisha jina ndani ya hukumu, kwa kuwa hilo linahitaji amri ya hakimu. Alichoweza kufanya ni kutoa nakala kamili kama ilivyo, na akatushauri tupeleke kwa mwanasheria cheti cha ndoa ya kwanza pamoja na pasipoti ili ionekane kwamba ni mtu yule yule. Ushauri huo wa bure ulitusaidia kuliko tovuti iliyokula dola 49. Katika Illinois nakala hutozwa dola 2 kwa ukurasa wa kwanza na senti 50 kwa kila ukurasa katika 19 inayofuata, na uthibitisho una ada yake ya pembeni. Alibana kurasa pamoja, akagonga muhuri wa mkono unaoacha alama ya duara iliyoinuka juu ya karatasi, kisha akamwambia shemeji apitishe kidole auhisi. Tuliingia saa nne na nusu asubuhi, tukatoka kabla ya saa tano na robo.

Kwa hiyo naipa huduma ya dirishani nafasi ya kwanza bila kusita. Kasoro yake ni umbali na saa za kazi, ambazo humlazimu mtu wa zamu kupoteza malipo ya siku. Naipa posta nafasi ya pili, mradi barua iwe na namba ya shauri, majina ya pande zote mbili pamoja na namna yanavyoweza kuwa yamekosewa, mwaka, neno “iliyothibitishwa”, nakala ya kitambulisho kama ofisi inaidai, malipo kwa mani oda na bahasha ya kurudishia yenye stempu. Bila namba ya shauri posta ni kamari, kwa kuwa karani anayepekua jina moja tu atajibu kwa uaminifu kwamba hakuna kitu, na ada ya upekuzi itakuwa imekwisha kutumika.

Utaratibu huo huo unawahusu wenye mashauri ya jinai wanaoomba uraia. Aliyewahi kukamatwa atatakiwa kuonyesha hati ya mahakama iliyothibitishwa inayoeleza shauri liliishaje, hata kama lilifutwa, na kama karani hana jalada, aombe barua iliyothibitishwa inayosema hivyo.

Miezi miwili baadaye mwanasheria alitaka nakala nyingine mbili. Safari hii hatukuendesha gari. Shemeji alinakili namba ya shauri kutoka kona ya juu ya hukumu, akaliandika jina kama lilivyokosewa mahakamani na chini yake kama lilivyo kwenye pasipoti, akatia mani oda na bahasha. Nakala zilirudi siku ya tisa, mihuri yote miwili ikiwa imeinuka vizuri.