Bwawa la Klorini Kidogo kwa Fukuto la Pwani: Ununue Mtambo Upi?

Muuzaji akikuahidi bwawa la kuogelea lisilo na klorini kabisa, awe Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, muulize swali moja: pampu ikizimwa, ni kitu gani kinachobaki majini kuua vijidudu? Wakati wa kaskazi, maji ya bwawa la wazi hukaribia nyuzijoto 30, na jua linaila klorini kutwa nzima. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kinashauri klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, na isipungue 2 kama maji yana asidi ya sianuriki, ile inayoikinga klorini na jua. Mimi sishuki chini ya hapo, hasa panapoogelea watoto. Mitambo ninayoipanga hapa ni ya kufanya kiasi hicho kidogo kitoshe.

Ya kwanza: taa ya urujuanimno (UV) pamoja na klorini kidogo

Hii ndiyo chaguo langu kwa nyumba na hoteli ndogo za pwani. Maji yakishachujwa hupita kando ya taa, na miale yake huharibu vijidudu, hata kimelea cha kuhara kiitwacho Cryptosporidium, ambacho klorini ya kawaida huchukua zaidi ya siku 10 kukiua. Taa huvunja pia kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Macho yanayowasha na ile harufu kali hutokana na hizo kloramini, kwa hiyo waogeleaji huona tofauti upesi. Tena unyevu wa hewa hauipunguzii nguvu, maana imefungwa ndani ya gamba la kioo.

Kabla ya kulipa, hakikisha ukubwa wa taa unalingana na kasi ya pampu yako. Maji yakipita mbio mno hayapati miale ya kutosha. Taa nyingi hudumu saa 9,000 hivi, na kwa saa 8 kwa siku hiyo ni miaka mitatu. Ulizia taa ya akiba inapatikana wapi na kwa bei gani, siku hiyohiyo unaponunua. Maji ya visima vya kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, nayo huganda kwenye kioo na kuzuia miale, kwa hiyo chagua mtambo ambao fundi anaweza kuufungua na kuusafisha bila kuuvunja. Kumbuka pia kwamba miale haifiki ukutani: mwani ulioshika kwenye vigae unaondolewa kwa brashi na ile klorini kidogo.

Ya pili: mtambo wa chumvi

Watu wengi huuziwa huu kama mbadala wa klorini, na hilo si kweli. Unatengeneza klorini papo hapo kutoka kwenye chumvi, gramu 3 hadi 4 kwa lita. Bahari ina kama 35. Bwawa la lita 50,000 huanza na kilo 200 hivi. Sifa yake kubwa ni kwamba klorini huingia kidogokidogo, bila wewe kulazimika kuhifadhi ndoo za unga unaopoteza nguvu kwa joto na unyevu. Lakini pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, hupanda kila mara na uasidi hupungua, kwa hiyo asidi utainunua, na chumvi hutafuna ngazi za chuma na mawe yanayonyonya maji. Kama kisima chako tayari kina maji ya chumvichumvi, mtambo huu unaweza kukufaa kuliko ule wa kwanza. Pima kwanza.

Ya tatu: ozoni

Ni gesi inayoua vijidudu vizuri sana, ila haibaki majini. Shida kubwa ya huku kwetu ni hewa. Mashine inayotumia cheche za umeme ikivuta hewa yenye unyevu hutoa ozoni kidogo na kutengeneza asidi ya nitriki inayoila mashine yenyewe. Bila kikausha hewa au mtambo wa oksijeni, usinunue. Hoteli yenye fundi wa kudumu, sawa.

Ya nne: shaba na fedha

Mtambo huu hutia majini ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, za madini ya shaba na fedha. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, iliunda kifaa cha ayoni za fedha kwa maji ya kunywa ya safari za Apollo, na wauzaji hupenda kulitaja hilo. Shaba huzuia mwani kweli, ila kuua vijidudu ni taratibu, na ikizidi hutia madoa ukutani na kugeuza nywele nyeupe kuwa za kijani. Klorini bado inahitajika. Aliye jirani na ufuo afikirie pia maji ya kusafishia chujio yanamwagwa wapi, kwa kuwa shaba ni sumu kwa viumbe wa baharini.

Ya mwisho: bwawa la mimea

Hili husafishwa na mimea badala ya dawa. Ulaya linapendwa, na maji yao ni ya baridi. Huku maji ya vuguvugu yenye majani hukaribisha mbu na konokono wa kichocho. Silipendekezi kabisa.

Fedha zikiwa chache, anza na pampu nzuri, chujio la mchanga na vifaa vya kupimia, kisha ongeza taa baadaye. Vidonge vya klorini visiwe chakula cha bwawa cha mwaka mzima, maana vingi huongeza asidi ya sianuriki hadi klorini inalegea. Na visichanganywe kamwe na klorini ya unga, hata ndani ya kikombe kimoja cha kupimia: mchanganyiko huo unaweza kuwaka moto au kulipuka.